Nimeuza shotgani mpya, nimebaki na mikweche miwili. Wawindaji wa kanga tukutane hapa

#1 Mzee wa Mabibo

Wakuu, habari za saa hizi. Nipo Nachingwea, umeme umekatika tangu magharibi, mke kalala, kuku wamelala, nimebaki mimi na simu yenye chaji nusu. Acha niandike uzi huu ambao nimeuahirisha tangu Julai msimu ulipofunguliwa.

Nilikuwa na shotgani ya Kituruki, geji 12 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu), ya kujipakia yenyewe, nyeusi tii, kitako cha plastiki. Nimekaa nayo miaka minne. Mwaka huu nimeiuza kwa taratibu zote za polisi, aliyenunua ana kibali chake, tumemalizana. Sasa nimebaki na mbili za zamani: Greener ya mtutu mmoja ya marehemu babu, na Baikal ya mitutu miwili ya enzi za Usovieti. Ukizijumlisha zote na begi lake, hazifikii nusu ya bei niliyouzia ile ya Kituruki. Pale kijiweni stendi nimeshapewa jina, "Mzee Gobole". Nikaona bora nije huku nichekwe na watu nisiowajua.

Nianze na Greener. Babu aliinunua miaka ya 60 kwa mwenye duka mmoja wa Lindi aliyekuwa anahama. Kabla ya hapo alikuwa mtu wa gobole, baruti kwenye pembe, fataki kwenye kitambaa kiunoni, mvua ikinyesha uwindaji umeisha. Waingereza hiyo bunduki waliiita GP, yaani ya kazi zote. Imetoka Birmingham, kiwanda kile kile kilichokuwa kinatengeneza bunduki za nakshi za mabwana wakubwa. Hii haikuwa ya mabwana. Ilikuwa ya mkulima na mlinzi wa shamba, haina ua hata moja lililochorwa. Wala haivunjiki katikati kama shotgani nyingi. Chini ya kishikio kuna wenzo: unausukuma, komeo linashuka, ganda linaruka, unatia risasi nyingine kwa kidole gumba, unarudisha wenzo. Komeo hilo ni la Martini, ukoo mmoja na raifoli za Martini-Henry ambazo jeshi la Uingereza lilizipokea mwaka 1871. Babu yangu alikuwa anapigia kanga komeo la vita na hakujua.

Kitako siyo cha asili. Cha asili kilipasuka shingoni babu alipoteleza kwenye kingo za mto Lukuledi, akakifunga waya na mpira wa tairi la baiskeli, kikaenda hivyo hivyo miaka mingi. Iliponifikia mimi, nikampelekea mchongaji mmoja Mtwara, Mmakonde wa vinyago. Akataka kukichonga kwa mpingo. Nikamwambia mzee wangu, mpingo ukiutia kwenye ndoo unazama, nitakuwa natembea na mchi begani. Akanuna kidogo, tukakubaliana mninga. Siku tatu nimekaa naye barazani, maana bunduki haiwezi kulala kwa mtu asiye na kibali chake, jioni naondoka nayo, asubuhi narudi. Kipimo chake kilikuwa mkono wangu tu: kutoka triga mpaka kwenye kunjo la kiwiko. Pale shavu linapolala aliacha alama moja ya patasi, kama ukucha. Akataka kuipiga msasa nikamzuia. Mpaka leo shavu likigusa ile alama najua bunduki imekaa.

Sasa kwa nini niiuze nzima nibaki na kuukuu? Nimejiuliza sana. Jibu nililopata ni kwamba hii ya babu naijua makosa yake. Inatupa kushoto. Nilishatundika boksi la sabuni kwenye mkorosho, nikahesabu hatua 35, nikapiga, nikabadilisha boksi, nikapiga tena, mara sita. Marisau, zile gololi ndogo za ndani ya risasi, yanakusanyika shubiri moja kushoto na kidogo juu ya pale nilipolenga. Kila mara. Kwa hiyo kanga akiruka kwenda kulia namwongezea, akienda kushoto namwacha hapo hapo alipo. Triga yake ni nzito, inataka uivute kama unachomoa msumari wa kiatu. Usalama wake ukiuweka kwa haraka haushiki vizuri, kwa hiyo natembea chemba ikiwa tupu na risasi iko katikati ya vidole vya mkono wa kushoto. Haya yote ni makosa, ila ni makosa niliyoyazoea kama vile unavyomzoea shemeji anayechelewa.

Ile ya Kituruki haikuwa na kosa nililoweza kulishika. Wiki hii inapiga sawasawa, wiki ijayo ganda limekwama, nikiifungua sioni kitu. Nikikosa sijui nimekosa mimi au imekosa yenyewe.

Kuhusu ndege wenyewe. Huku kwetu kanga wako kwenye mashamba ya karanga na mahindi, hasa yakishapandwa, wanafukua mbegu kwa mstari kama waliajiriwa. Wazee wanasema kanga wa Nachingwea wanajua karanga kuliko Waingereza waliokuja 1947 na mradi wao wa karanga na matingatinga, mradi ukafutwa 1951, wakatuachia reli (nayo ikang'olewa) na hadithi. Kanga haruki ovyo. Anakimbia, tena anakimbia kama mdeni aliyemwona mwenye duka. Ukimkimbiza umempoteza. Mimi nakata njia, nazunguka upande wa upepo, nakaa kwenye kichuguu, nasubiri kundi lije lenyewe. Na sipigi kundi. Namchagua mmoja wa pembeni.

Simu inakaribia kuzima. Wenye mikweche yenu leteni hadithi.

#2 Kijana wa Tandahimba

Uzi bila picha ni batili mzee wangu. Halafu risasi katikati ya vidole mwaka huu? Kanga anakusubiri?

#3 Salfa

Naweka kigoda hapa. Ila mleta uzi, kwa heshima zote, hizo ni hisia tu. Mimi nina ya kujipakia kama hiyo uliyouza, ya kampuni nyingine, nipo Masasi, mwaka wa sita sasa. Kukwama? Uliipaka mafuta mengi. Bunduki za gesi, yaani zinazojipakia kwa msukumo wa gesi ya risasi yenyewe, zikijaa mafuta zinashika vumbi la huku kwetu, vumbi jekundu lile, linakuwa tope kwenye pistoni. Futa mpaka ikauke, tone moja la mafuta basi. Na risasi zako zilikuwa za gramu ngapi? Ukiweka nyepesi sana haina nguvu ya kurudisha komeo. Hilo siyo kosa la bunduki.

Halafu hii ya "mtutu mmoja unakufundisha subira", kila mwenye mtutu mmoja anaisema. Nikijeruhi ndege nina risasi ya pili papo hapo ya kummaliza. Wewe unaye anayekimbilia kichakani na bawa limevunjika, unatafuta risasi katikati ya vidole.

#4 Fundi Komeo

Mimi nimekaa na bunduki za watu zaidi ya miaka ishirini, kihalali, karakana ina leseni. Niseme kidogo kuhusu kununua kuukuu, maana nyuzi kama hizi zikishapamba moto vijana wanaenda kununua chuma chakavu.

Ukiletewa shotgani ya zamani usiangalie rangi. Kwanza hakikisha haina kitu ndani. Kisha, kama ni ya kuvunjika katikati, ifunge, ondoa ile sehemu ya mbao ya mbele, shika kitako, itikise karibu na sikio. Ukisikia inagonga ndani, bawaba imelika. Iinue juu dhidi ya mwanga: kati ya mitutu na uso wa komeo usione jua. Ukiona mstari wa mwanga, muulize muuzaji hali ya watoto, kunywa chai yake, uondoke.

Mitutu yenyewe: itoe, chungulia ndani ukielekeza dirishani. Ukiona kivuli cha pete, kama pete ya kidole imezunguka ndani ya mtutu, hapo iliwahi kupigwa ikiwa imeziba, udongo au kitambaa, chuma kikavimba. Vidoa vidogo vya kutu siyo mwisho wa dunia, lakini vikiwa karibu na chemba achana nayo. Ya mitutu miwili, itundike mitutu kwa kidole kwenye kile kindoano cha chini, igonge kwa ukucha. Ikilia kama kengele, ubavu unaounganisha mitutu umeshika. Ikilia kama debe, lehemu imeachia, na unyevu umeshaingia katikati usikoweza kufuta.

Jambo la tatu ndilo linaloua watu. Bunduki nyingi za Ulaya za zamani zina chemba ya milimita 65. Risasi za siku hizi ni 70 na kuendelea. Itaingia, ndiyo maana watu wanadhani ni sawa, kwa sababu kabla ya kupigwa mdomo wake umekunjwa. Ikipigwa mkunjo unafunguka, unaziba njia, na mgandamizo unapanda juu ya uwezo wa chuma. Soma chini ya mitutu. Za Kiingereza zimegongwa 2½ au 2¾, hiyo ni inchi. Za Birmingham za kuanzia 1954 utaona taji juu ya herufi BNP, maana yake imejaribiwa kwa baruti ya kisasa. Za Liège, Ubelgiji, zina duara la umbo la yai lenye ELG. Usipoona alama yoyote, usijaribu kwa kidole chako.

Na la nne, dogo lakini limewahi kuletwa mezani kwangu: usichanganye risasi za geji 20 na za geji 12 mfukoni. Ya 20 ikiingia kwenye mtutu wa 12 inateleza inakwama mbele ya chemba. Wewe unadhani hujatia kitu, unatia ya 12 nyuma yake. Ndiyo maana za 20 hutengenezwa za njano. Mtutu nilioletewa ulikuwa umefunguka kama ganda la ndizi, mwenyewe alipona na vidole vinane.

Mleta uzi, hiyo GP ni chuma kizuri. Usalama usioshika siyo "kosa ulilozoea", ni kazi ya nusu saa. Lete.

#5 Binti Mikindani

Shikamooni wazee. Mimi siwindi, nimeingia kwa sababu ya neno "marehemu babu". Baba yangu alifariki mwaka jana. Ameacha shotgani ya mtutu mmoja, imeandikwa Baikal, iko kabatini imefungwa kwenye kanga ya mama (kanga nguo, siyo ndege wenu). Huku pwani chumvi inakula kila kitu, nimeona imeanza kutoa kutu kwenye mtutu. Niipake nini? Na kaka yangu anataka kuirithi, wanasema iko kwenye wosia.

#6 Bwana Nyama Mstaafu

Marahaba binti, na poleni kwa msiba.

Achana na kutu kwanza. Bunduki hairithiwi kama shamba la mikorosho. Kibali kilikuwa cha baba, baba amefariki, sasa hivi nyumbani kwenu kuna silaha isiyo na mwenyewe kisheria, hata kama mama yenu anaijua tangu ndoa. Msimamizi wa mirathi aende polisi na kitabu cha baba, cheti cha kifo na barua ya serikali ya mtaa, silaha ihifadhiwe huko. Kaka yako aombe umiliki kwa jina lake, achunguzwe kama mwombaji yeyote. Sheria ya sasa ni ile ya udhibiti wa silaha na risasi ya 2015. Usisubiri arobaini nyingine. Na usiibebe mwenyewe kwenye bodaboda ikiwa kwenye kanga, piga simu kituoni waambieni, watawaelekeza namna ya kuifikisha.

Na kwa kuwa nipo: nimeona mtu kijiweni anamwita mwenzake Mzee Gobole kwa utani. Kusini tuna magobole mengi ya kuchongwa vichakani, bomba la maji na kitako cha mwembe. Hayo siyo mikweche ya kupendwa, ni kesi, na yanapasukia usoni. Polisi huwa wanatangaza vipindi vya kusalimisha kwa hiari, vitumieni.

Uwindaji nao una kibali chake, sheria ya wanyamapori ya 2009. Kanga ni ndege wa porini, siyo wa mtu. Usiku na tochi hairuhusiwi, hata akiwa amelala juu ya mti anakutazama.

#7 Fundi Komeo

Binti, ikishafika polisi na kaka akapata kibali, kutu ya juu inatoka kwa pamba ya chuma laini na mafuta ya cherehani. Na msiirudishe kwenye nguo. Kitambaa kinashika unyevu na chumvi. Ikae wazi ndani ya kasha la chuma linalofungwa, mtutu umepakwa ute mwembamba tu wa mafuta.

#8 Mzee wa Mabibo

Umeme umerudi. Asanteni wakuu, uzi umekuwa mzuri kuliko nilivyotarajia.

Salfa, nikujibu kiume. Hapo kwenye ndege aliyejeruhiwa umenipata. Sikuandika "subira" lakini ndiko nilikokuwa naelekea, na kusema kweli msimu uliopita nilivunja bawa la kanga jike karibu na Naipanga, akaingia kwenye kichaka cha miba, nikamtafuta mpaka jua likawa juu ya kichwa. Sikumpata. Kesho yake nikarudi nikakuta manyoya na nyayo za nguchiro. Risasi ya pili ingemmaliza. Kwa hiyo sidai kwamba mtutu mmoja una huruma. Kuhusu mafuta mengi kwenye pistoni, inawezekana kabisa. Hilo ndilo nililokuwa nasema: miaka minne na sikujua, wewe umejua kwa kusoma mistari miwili. Mimi na ile bunduki hatukuwa tunaelewana lugha.

Fundi, nitaileta. Naona aibu lakini nitaileta.

Sasa Baikal. Hii nilinunua mwenyewe kwa mzee wa Ruangwa aliyekuwa macho yamemwishia. IZh-58, kiwanda cha Izhevsk. Mbao yake imepakwa vanishi kama kabati la shule, chuma kimekwanguliwa kwa haraka, ukipitisha kidole kwenye ubavu unahisi mikwaruzo ya tupa. Warusi hawakuwa na muda wa kuiremba. Lakini funga uone! Inafunga kama mlango wa benki. Mtutu wa kulia uko wazi kidogo, wa kushoto umebana mdomoni ili marisau yasitawanyike mapema, triga mbili, kwa hiyo unachagua kwa kidole: ndege wa karibu triga ya mbele, wa mbali ya nyuma. Huhitaji kubadilisha kitu chochote mdomoni mwa mtutu. Na ni nyembamba na nyepesi mkononi, kwa kwale wanaoruka ghafla miguuni sijawahi kushika bunduki inayoinuka haraka hivyo.

Ubaya wake ni kwamba ni geji 16.

Wenye kujua wameshacheka. Kwa wasiojua: geji ni hesabu ya zamani, chukua ratili moja ya risasi, ile madini, iyeyushe ufanye gololi 12 sawasawa, kila gololi ndiyo upana wa mtutu wa geji 12, karibu milimita 18.5. Ukifanya gololi 16 zinakuwa ndogo zaidi, 16.8. Ndiyo maana namba ikipanda mtutu unapungua. Geji 16 ilipendwa sana Ulaya, Ujerumani na Ufaransa huko, sasa hivi huku kwetu risasi zake ni kama mvua ya Agosti. Nimeuliza Lindi, nimeuliza Mtwara, Dar nilipata boksi moja ambalo kadibodi yake ilikuwa imeshageuka rangi. Nilikuwa na risasi 25. Zimebaki 9.

Na mojawapo ya hizo ilinitia jasho. Kwale karuka, nimevuta, "tk". Kimya. Nikabaki nimeelekeza mtutu kwenye kichuguu nahesabu polepole mpaka sitini, kwa sababu risasi ya zamani inaweza kuchelewa ikalipuka unapofungua. Haikulipuka. Nilipoitoa, fataki (kile kibati cha nyuma kinachowasha baruti) ilikuwa na kidonda kizuri cha pini katikati, pini imefanya kazi yake, ni risasi ndiyo iliyokufa.

Kuna kisa nakipenda kuhusu hawa Greener. Walitengeneza bunduki kama hii ya babu kwa ajili ya polisi wa Misri, wakaifanya ya geji 14 yenye risasi za aina yake peke yake, makusudi, ili mwizi akiiiba asipate risasi popote duniani. Basi mimi na geji 16 yangu hapa Nachingwea ndiye yule mwizi.

#9 Kijana wa Tandahimba

Hahaha mzee umeniua. Kwa hiyo umeuza inayopiga ukabaki na risasi 9?

#10 Mzee wa Mabibo

Tisa za Baikal. Za Greener ninazo, ni geji 12, namba 5, zinapatikana. Usinitangaze.

#11 Kororo wa Rondo

Habari za usiku. Mimi nipo upande wa Rondo, hapa Lindi, nasema machache.

Mleta uzi umezungumzia kanga wa mashamba tu, yule wa kichwa kitupu chenye pembe. Huku juu tuna kororo, mweusi zaidi, ana nywele za kujikunja kichwani kama amesukwa vibaya. Anakaa msituni, chini ya giza la miti, huwezi kumwona kwenye hatua 35, unamwona kwenye 15 au humwoni. Bunduki iliyobana kama hiyo ya babu ingemfanya kitoweo cha kusaga. Mtutu uliobana sana unaweka kama asilimia 70 ya marisau ndani ya duara la sentimita 76 kwenye yadi 40, ulio wazi kabisa ni kama 40 tu. Kwenye hatua 15 yote ni ngumi moja. Marehemu mjomba alikuwa na Stevens ya Marekani ya mtutu mmoja aliyoikata mdomo... (Bwana Nyama, ilikuwa zamani, na ilishasalimishwa.)

Lakini nasema hivi: kororo mwacheni. Msitu wa Rondo ni hifadhi, kuna hata komba wa Rondo ambaye amepewa jina la hapa hapa. Humo hakuna kuwinda. Mimi siku hizi nakwenda na darubini, na bado naamka saa kumi na moja alfajiri kama mjinga.

#12 Ng'ambo ya Ruvuma

Wakuu mimi niko Nanyumbu. Kuna mzee jirani ana ya mitutu miwili yenye nyundo mbili za nje, na chuma chake kina mistari mistari kama mkeka uliosukwa, nzuri ajabu. Anayo kihalali, ilikuwa ya baba yake tangu ukoloni. Anataka kuniuzia nikipata kibali. Ni aina gani hiyo na inafaa?

#13 Fundi Komeo

Hiyo mistari ni chuma na feleji vilivyosokotwa pamoja vikazungushwa kwenye fimbo na kufuliwa mpaka vikawa bomba moja. Ni kazi ya mikono ya zama za baruti nyeusi. Uzuri wake ni huo huo uliouona, na ubaya wake ni kwamba kila mshono wa msokoto ni mahali ambapo kutu inaweza kukaa ndani kwa ndani miaka 100 bila wewe kuiona. Baruti nyeusi inasukuma kama mtu anayesukuma gari, ya kisasa inapiga kama nyundo. Zipo chache zilizojaribiwa na kugongwa muhuri wa baruti ya kisasa. Usiponionyesha muhuri, jibu langu ni hapana, hata risasi moja ya kujaribu.

#14 Ng'ambo ya Ruvuma

Asante fundi. Nimeangalia kwa tochi, kuna ELG kwenye duara la umbo la yai na namba 12 kwenye kitu kama almasi. Hakuna kingine.

#15 Fundi Komeo

Hapana.

#16 Salfa

Mleta uzi, jibu lako limenikaa vizuri. Nina swali la kweli siyo ubishi: hiyo ya kuzoea kosa, huoni kwamba ukienda kwa Fundi akarekebisha usalama, na siku moja mtu akaunyoosha mtutu wako usitupe kushoto, itakuwa bunduki nyingine?

#17 Mzee wa Mabibo

Usalama utarekebishwa. Kushoto hapaguswi.

#18 Binti Mikindani

Mrejesho wakuu. Tumeenda kituoni jana na mjomba, wametupokea vizuri, wameiandika wakaihifadhi. Kaka anaanza kujaza fomu. Askari mmoja mtu mzima aliishika akacheka, akasema aliwahi kulindia nayo ghala la korosho akiwa kijana. Siyo hiyo hiyo, ya aina hiyo.

Swali langu la mwisho ni la jikoni, maana hakuna aliyeligusa. Baba alikuwa akileta kanga, mama anachemsha tangu asubuhi na jioni bado anatafunika kama kandambili. Nyie mnafanyaje?

#19 Mzee wa Mabibo

Mwanangu, kanga mzee ni hivyo, siyo kosa la mama. Kabla hujaanza mshike mdomo wa chini, wa chini tu, umwinue kwa huo. Mdomo ukipinda au ukivunjika ni mchanga, ukibeba uzito wote ni babu yako.

Wa hivyo usimkaange. Mnyonyoe, mkate vipande, pitisha vidole taratibu kwenye kifua na mapaja utafute marisau, utayasikia kama punje za mchanga chini ya ngozi, mengine yamevuta na unyoya ndani, yatoe kwa ncha ya kisu. Mke wangu ana jino moja lililokatika kwa ajili ya uvivu wangu wa mwaka 2011 na hajanisamehe. Mlaze na chumvi, ndimu na tangawizi usiku mzima. Asubuhi mchemshe kwa moto mdogo, sufuria imefunikwa, maji kidogo kidogo, mpaka nyama ianze kuachia mfupa. Hapo ndipo unatia tui jepesi, kitunguu, nyanya moja, na korosho mbichi zilizotwangwa, konzi mbili. Tui zito mwisho kabisa, usifunike tena.

Sisi tunamla na ugali wa muhogo. Ming'oko (vile viazi vya porini) ikiwepo, inachemshwa pembeni, inaliwa kwanza wakati watu wanasubiri.

#20 Kijana wa Tandahimba

Mzee hapa umemaliza. Jumamosi nipo Nachingwea naleta salfa ya mikorosho kwa mteja. Nakuja na picha nikupige wewe na hiyo Greener, uzi ukamilike.

#21 Mzee wa Mabibo

Karibu. Jumamosi itakuwa kwa Fundi, Mtwara. Utapiga picha ya begi.